Salamu ya Mikono Miwili

Mwezi uliopita nilikwenda Gitega kumzika mama mdogo Domitila, na waliponikaribisha ndani nikapewa kiti katika chumba kile kile nilicholala mwaka ule. Kitanda walikuwa wamekitoa. Walipanga viti vya plastiki vya kukodi kuanzia ukutani mpaka mlangoni, na akina mama wa kanisani walikaa humo wakiongea chini chini habari za marehemu, jinsi alivyokuwa mkali kwa watoto wa watu na jinsi alivyojua kupika mboga ya lengalenga. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye dirisha, lile dirisha dogo linaloangalia ukuta wa jirani, ambalo upande mmoja lina kioo na upande mwingine kipande cha bati. Ghafla nikashika ukingo wa kiti, jamani, kana kwamba kesho asubuhi natakiwa kusimama tena mbele ya komisheni ya madaktari. Miaka yote hiyo imepita, nimezaa na nimeozesha, lakini mwili haujasahau woga wa chumba kile. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba ni msiba tu.

Haukuwa msiba tu. Watu wa rika langu wakisimulia ujana wao husimulia vita, kambi, na safari ya kurudi nyumbani na mabegi kichwani. Hayo nami ninayo, ila siyo yaliyonifinyanga. Ukiniuliza mwaka ulionifanya niwe mtu huyu unayemwona, mwenye mdomo na asiyependa kuzungushwa, nitakutajia mwaka nilioutumia wote kuwathibitishia wakubwa wa serikali kwamba mkono wangu wa kushoto umekufa. Unadhani ni kazi rahisi? Mkono uko hapo, unaning'inia, kila mtu anauona. Na bado nilishindwa mara ya kwanza, tena nilishindwa kwa sababu ya adabu.

Wakati huo Gitega ilikuwa bado haijafanywa mji mkuu, na mimi nilikuwa mtunza stoo huko Muyinga, kwa Bwana Murtaza, kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa Muyinga na baba yake vile vile, Kiswahili chake cha sokoni kabisa, na Kirundi chake kilinishinda hata mimi niliyekulia Tanzania. Alikuwa mtu wa kelele. Alipiga kelele kwa madereva, kwa kuku wa jirani, kwa simu yenyewe kabla haijaita. Lakini ilipofika saa sita mchana mkewe alituletea sufuria la dengu na chapati zilizofunikwa kwa kitambaa, nasi tulikula pamoja juu ya mifuko ya saruji, patroni mwenyewe mwenye duka na vibarua na madereva waliotoka Dar na mizigo. Niliipenda sana saa ile. Madereva waliongea Kiswahili cha kwetu, yaani cha huko nilikokulia, na mimi nilikula polepole ili niwasikilize zaidi. Siku mzigo wa mabati ulipokuja, nilikuwa nimesimama nyuma ya lori nakagua, kamba ikakatika, na fungu zima likateleza likanishukia begani.

Sikumbuki maumivu, nakumbuka sauti. Hospitalini walishona kidonda vizuri, na daktari kijana akanieleza taratibu kwamba mishipa ya fahamu ya mkono imechanika karibu na kwapa na haitarudi. Kiwiko kingeweza kukunjika kidogo kwa kujilazimisha. Kuanzia kifundo cha mkono mpaka vidoleni, basi, hakuna kitu. Ungeweza kuniwekea kaa la moto nisijue. Bwana Murtaza alikuja kukaa ukingoni mwa kitanda, kwa mara ya kwanza hakupiga kelele, akaniambia, "We Esta, sikiliza mi. Mi niliandikisha wafanyakazi wote kwa pensheni, na we uko ndani. Kila mwezi nililipa. Donc hiyo pesa ya kuumia kazini iko yako. Haiko ya mi, haiko ya wao. Utaiomba, na watakupa." Nikamwuliza wasiponipa je. Akanyoosha shuka la kitanda changu. Stoo yake ilihitaji mtu wa mikono miwili, na sote wawili tulilijua hilo bila kulisema.

Na huko ndiko roho yangu ilipokuwa imening'inia mwaka mzima. Kama ningepewa pensheni ya ulemavu, ningepanga chumba, ningeanza biashara ndogo ya kukaa chini, ningeishi kwa jasho langu. Nisipopewa, ningerudi Bugendana kwa kaka yangu, kwenye kishamba cha maharage na migomba ambacho hakikumtosha yeye na wanawe, nikalime kwa mkono mmoja na kuhesabiwa sahani. Mke wa kaka hakuwa mtu mbaya. Lakini nilikwisha kumsikia, siku nilipokwenda kuwatembelea na bandeji begani, akimwuliza mumewe jikoni, "Sasa huyu atalala wapi? Na mpaka lini?" Kaka akasukuma kuni motoni. Swali lile nilirudi nalo mjini.

Dosiye, yaani faili la maombi yangu, ilipaswa kupelekwa ofisi ya pensheni Gitega, kwa hiyo nikahamia kwa mama mdogo Domitila. Yeye hakuwahi kukimbia nchi. Alibaki, akazika mume, akauza mkaa na dagaa wa ndagala sokoni, akajenga nyumba ya vyumba viwili. Alinipokea mlangoni, akanitua mzigo, akauangalia mkono, na swali lake la kwanza halikuwa kama nimekula wala kama nasikia maumivu. Aliniuliza, "Mutoto wangu, sasa utakuwa unasalimia watu namna gani?"

Nilicheka, halafu nikalia. Nilijua kabisa anachosema. Sisi tuliokulia Tanzania tulirudi na shikamoo zetu. Huko, ukishamwambia mtu mzima shikamoo umemaliza kazi. Huku kwetu mkono ndio unaoongea: unatoa wa kulia, na wa kushoto unaushika ule wa kulia karibu na kiwiko, ili unayemsalimia aone kwamba umemletea heshima kamili. Ukimpa mkubwa mkono mmoja mtupu, umemdharau mbele za watu. Wiki yangu ya kwanza Bugendana nilifanya kosa hilo hilo kwa mtu mzima aliyekuja kutukaribisha, naye akauacha mkono wangu hewani na kumwuliza kaka, "Huyu mulimulelea wapi?" Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Tangu siku hiyo nilisalimia kuliko wenyeji. Nilisalimia mpaka wauza nyanya kwa mikono miwili. Hakuna aliyekisikia Kiswahili changu akaacha kusema huyu ni rapatriye, wa wale waliorudi, lakini hakuna aliyepata tena nafasi ya kusema sina adabu.

Basi mama mdogo akaamua kunifundisha upya. Tulifanya mazoezi sebuleni mchana, maharage yakichemka nje kwenye mbabula, jiko la mkaa, viti vyake vya mbao vimefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma ambavyo mtu hakuruhusiwa kuviegemea. Alikaa katikati kama bwana harusi. "Bon, sasa mi niko padri. Nisalimie." Nilitakiwa kurusha bega mbele, kukikunja kiwiko kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, mkono ukifika tumboni niubane haraka chini ya mkono wa kulia kabla haujaanguka, vidole vifichwe na mkono wa sweta, na wakati wote huo niwe natabasamu. "Hapana! Umechelewa. Padri amekwisha kwenda," alisema. "Sasa mi niko baba mukwe wako. Tena." Nilitoka jasho kama mtu anayetwanga. Mara nyingine mkono uliponyoka ukampiga gotini, tukacheka mpaka jirani akachungulia. Mwishoni niliweza. Nilisalimia kanisa zima Jumapili moja na hakuna aliyegundua chochote, na mama mdogo alirudi nyumbani akiimba.

Siku ya komisheni nilivaa sweta la kijani na kitenge kipya. Tuliitwa wengi, korido imejaa watu wa magongo na bandeji, na nilipoingia nikamkuta daktari wa komisheni, mzee mwenye mvi na miwani, amechoka, mafaili yamemjaa mezani. Lakini aliinuka. Aliinuka kwenye kiti chake kwa ajili yangu, akanyoosha mkono. Nami nikampa salamu bora kuliko zote nilizowahi kutoa maishani mwangu: mikono miwili, kichwa nimekiinamisha, goti limekunjika kidogo. Akatabasamu. "Unatoka Tanzania, naisikia," alisema nilipomwamkia, "lakini adabu yako iko ya hapa." Nilitaka kupaa. Aliangalia kovu begani, akaniambia ninyanyue mkono, nikajikaza nikanyanyua, naye tayari anaandika. Akauliza, bila kuinua macho, "Vidole?" Nikasema, "Havifanyi kazi vizuri, daktari."

Vizuri! Mpaka leo najiuliza neno hilo lilitoka wapi. Lakini najua lilikotoka. Mbele ya mkubwa sisi hatusemi jambo likiwa uchi. Mgonjwa wetu akiwa taabani utamsikia anasema anaendelea kidogo. Kumwambia daktari havifanyi kabisa, vimekufa, kungesikika kana kwamba namlaumu, kana kwamba nimekuja kudai. Nikasema vizuri, nikaaga kwa mikono miwili tena, nikatoka. Jioni ile mama mdogo alipika ndizi na samaki, na akanifanya nirudie maneno ya daktari kuhusu adabu yangu, akayatia chumvi kidogo akampelekea jirani ukutani.

Jibu lilikuja kupitia Muyinga, kwa anwani ya duka. Bwana Murtaza alinipigia simu, na nilipomsikia anaongea polepole nikakaa chini kabla hajamaliza. Ombi limekataliwa. Siku iliyofuata nilikuwa wa kwanza kwenye gishe, dirisha la kuhudumia watu la ofisi ya pensheni, na mama aliyekuwa nyuma ya kioo alifungua dosiye yangu, akasoma, akanitazama juu mpaka chini. "Madame, iko wazi hapa. Docteur ameona mukono unafanya kazi. Ameandika ulimusalimia na mikono mbili, na ukanyanyua mukono, na vidole vinafanya kazi kidogo. Ulemavu wako haufiki kiwango." Nikamwambia mkono haufanyi kazi. Akasema, bila ubaya wowote, "Alors nani alimusalimia?" Watu nyuma yangu kwenye mstari wakacheka. Nilishika ukingo wa gishe kwa mkono wangu mmoja. Akanihurumia labda, akashusha sauti, akaniambia naweza kukata rufaa, lakini nisichelewe, na nilete cheti kipya cha hospitali na barua ya mwajiri.

Sasa ndipo wasiwasi ulipohamia kwangu ukaleta na godoro. Nilikwenda Muyinga kupitia Karuzi kutafuta cheti, nikarudi; daktari kijana hayupo, nikaenda tena. Bwana Murtaza aliandika barua kwa mkono wake mwenyewe, ya kelele kama yeye, ikabidi mkewe amsihi aondoe sehemu aliyowaita vipofu. Akanipa na sambusa za safari, akanishika bega la upande mzima. "Esta, safari hii acha mukono ulale. Usifanye ile kitu ya mikono mbili. Uko unajichinja mwenyewe." Njia nzima nilirudia kichwani: acha ulale, acha ulale. Lakini kadiri gari lilivyokaribia Gitega, ndivyo nilivyoiona hatari nyingine, mbaya kuliko ya kwanza. Daktari atakuwa yule yule. Alikwisha kuniona nikiuinua mkono kwa uzuri wote ule. Leo nikiingia na mkono unaning'inia, atasema nini? Atasema huyu binti amefundishwa. Nikisalimia, mkono mzima. Nisiposalimia, tapeli. Nilitafuta mlango wa tatu nisiuone.

Mama mdogo naye hakusaidia. "Umunyime docteur heshima, halafu umuombe pensheni? Atakukatalia mara mbili!" Tulibishana wiki nzima, tukichagua mawe kwenye maharage, tukila bugali na ndagala, tukikunja nguo. Nilijaribu kufanya mazoezi ya kutosalimia, na hapo nikagundua jambo la kutisha: sikuweza. Mama mdogo akinyoosha mkono tu, bega langu linaruka lenyewe, kiwiko kinakunjika, mkono unabanwa. Nilijifunga kwa kitenge kiunoni. Bega likaruka hivyo hivyo na kitenge kikafunguka. Mama mdogo alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Mchana mmoja nikiwa kitandani katika kile chumba nilisikia jirani, yule yule wa ukutani, akimwambia uani, "Dada, hawa warapatriye wamezoea vya bure huko kambini. Mukono si uko pale? Mi nilimuona kanisani." Nikainuka kitandani nisikilize. Nilimwogopa mama mdogo asije akakubali, maana hata mimi siku zingine nilijisikia mwongo. Nikasikia ungo ukipepeta. Kisha mama mdogo akasema, "Haiko ya bure. Mukono wake ndio ulilipa." Akaendelea kupepeta.

Asubuhi ya rufaa alinisindikiza mpaka nje ya ofisi, amevaa vazi lake la harusi za watu, akabaki barazani na mwavuli. Ndani, kwenye benchi, kila mtu alikuwa mwalimu. Bwana mmoja wa Mutaho, mguu wake umekazwa na vyuma, alininong'oneza, "Ukiingia, ulie. Mi nilikosea, sikulia." Mwalimu wa shule aliyekaa upande wa pili akamkatiza, "Usilie! Wakikuona unalia wanasema umetayarishwa. Uwaangalie usoni." "Ukiwaangalia usoni watasema uko na kiburi," akasema yule bwana. Wakaendelea hivyo juu ya kichwa changu, nami nikiwa nimeupanga mpango wangu kama mwizi: nitasimama mlangoni, nitainamisha kichwa, nitasema amahoro, yaani amani, kwa wote, sitasogea karibu na mkono wa mtu.

Waliponiita walikuwa watatu. Mwenyekiti, mama mwenye sauti kavu. Sekretari kijana mbele ya kompyuta. Na daktari yule yule. Nikainamisha kichwa nikasema amahoro. Ningebaki mlangoni. Lakini daktari, kwa ustaarabu wake, aliinuka, akazunguka meza, akanyoosha mkono. Na mimi, Mungu wangu, nikamsalimia. Bega liliruka, kiwiko kikakunjika, mkono ukaingia mahali pake, goti likashuka. Sikuweza kuizuia, kama mtu asivyoweza kuzuia chafya. Ilikuwa salamu safi isiyo na kasoro. Daktari akamgeukia mwenyekiti kidogo tu, akiwa bado ameshika mkono wangu, na macho yake yalisema: unaona mwenyewe. Mwenyekiti alikwisha kushika kalamu.

Niliona Bugendana. Niliona sahani yangu ikihesabiwa. Na badala ya kulia, hasira ikanipanda kutoka nyayoni, hasira ambayo sikujua kama ninayo, nikasikia sauti yangu ikisema, "Daktari, tafadhali, usiniachie mkono. Ukiniachia sitaweza kuwaonyesha." Akashangaa, akabaki ameushika. Nikamwambia avute mkono wa sweta langu nyuma. Hakutaka, nikamwambia tena, avute. Akauvuta kwa mkono wake mwingine. Vidole vyangu vilionekana pale vilivyobanwa kati ya mkono na tumbo, vimejikunja, vyeupe kwa kukosa damu. "Sasa angalia," nikasema, nikalegeza mkono wa kulia. Ule wa kushoto ukachomoka, ukaanguka, ukagonga pembe ya meza kwa kishindo. Sekretari ndiye aliyeshtuka na kusema "aiii." Mimi sikusikia kitu.

"Nilifundishwa haya sebuleni kwa mama yangu mdogo," nikasema. "Miezi. Ili nisikuvunjie heshima. Wewe hukuniona nikitumia mkono, daktari, uliniona nikikuheshimu. Na nilikudanganya kwenye vidole. Nilisema havifanyi vizuri. Havifanyi kabisa. Vimekufa. Sikujua namna ya kukuambia." Mwenyekiti akaanza kusema madame, tulia, lakini nilikwisha kuwa mbali sana na utulivu. Niliushika mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, kwenye kifundo, nikaunyanyua, nikamnyooshea. "Nisalimie kwa huu."

Wasio wa kwetu hawawezi kujua nilichokifanya. Mkono wa kushoto, kwa mtu mwenye umri wa baba yangu, ofisini, mbele ya mwanamke na kijana. Kuna watu wamesusiana maisha kwa kidogo kuliko hicho. Sekretari akaondoa vidole kwenye kompyuta. Mkono ule mfu niliendelea kuubeba. Daktari aliutazama. Aliutazama muda mrefu, uso wake umekaza, na nikajua nimekwisha. Kisha akaupokea.

Aliupokea kwa mikono yake yote miwili, akaushika kama unavyoshika mkono wa mtu, sio kama kidhibiti cha mahakamani. Halafu akawa daktari. Akabonyeza kidole kimoja kimoja. Akachukua kalamu, akanichoma kwa ncha yake kwenye ncha za vidole, kiganjani, kifundoni. "Unasikia?" "Hapana." "Hapa?" "Hapana." "Hapa, labda kidogo?" Nikamwambia, "Hapana, daktari. Hata kidogo." Akamgeukia sekretari bila kuniachia, akaanza kumtajia maneno ya kuandika, polepole, kwa Kifaransa, moja baada ya jingine, na mimi nisiyejua Kifaransa nilielewa yote.

Uamuzi wenyewe ulikuja baada ya muda, ukapita Muyinga kama ule wa kwanza, na safari hii nilimsikia Bwana Murtaza akipiga kelele kwenye simu kabla sijaiweka sikioni. Nilipewa. Nilipanga chumba Muyinga, karibu na duka lake, nikaanza kuuza vitenge, na kwa kaka yangu nimekwenda miaka yote hii kama mgeni aliyeleta sukari. Lakini asubuhi ile sikuwa na barua wala hakika yoyote. Nilitoka mpaka barazani, jua kali, na mama mdogo akaninyanyukia na mwavuli wake. Hakuniuliza kama wamekubali.

"Umemusalimia?" aliuliza.

"Nimempa wa kushoto."

Akaachia mwavuli. Akaziba mdomo kwa kiganja, akatazama huku na huku kama kuna mtu ametusikia. "Mana yanje! Wa kushoto? Docteur? Esta, umetuua!"

"Nimempa, mama."

"Na yeye akafanya nini?"

"Akaupokea."

Alinitazama. Nilimwona akilitafuta neno la kunigombeza asilipate. Akakaa chini pale pale kwenye ngazi ya saruji, na vazi lake la harusi, kati ya watu wa magongo wanaopanda na kushuka, na akaanza kulia kwa sauti, yeye ambaye aliponipokea na mkono ule hakutoa hata chozi. Nilikaa pembeni yake nikamwuliza analia nini tena.

"Akaupokea," alisema.